Mashahidi Arobaini, Kikohozi Kimoja

Saa tatu asubuhi Shangazi alisimama mbele ya mlango wa chumba cha mashine akiwa amebakiwa na saa sita na goti moja bovu. Saa tisa alasiri kikao cha nidhamu kingeketi ghorofa ya pili ya taasisi hiyo ya fizikia, na asipopatikana wa kukizuia, msichana mmoja angefukuzwa kwa kosa la kughushi namba.

Kila mtu alimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Alikuwa amestaafu upelelezi wa polisi, na taasisi ilimtafuta yeye kwa sababu haikutaka polisi wenyewe. Siku alipokabidhiwa kazi alimwambia Naibu Mkurugenzi, "Miaka thelathini na moja nimekamata walioghushi hati, mihuri, vyeti vya ndoa, na cheti kimoja cha kifo ambacho marehemu alikileta mwenyewe kaunta. Namba? Hii ndiyo mara ya kwanza. Nashukuru, kumbe dunia haijaniishia."

Naibu hakucheka. Alikuwa mtu wa kupanga kalamu mezani zote zielekee upande mmoja. Alimweleza kesi kwa dakika nne.

Msichana mwenyewe wenzake walimwita Desimali, kwa kuwa ukimuuliza saa alikujibu mpaka sekunde. Kazi yake ya miaka mitatu na nusu ilikuwa kukokotoa, kwa kalamu na kwa programu aliyoiandika mwenyewe, ni mara ngapi chembe fulani ndogo ya ndani ya ndani kabisa ya vitu huvunjika yenyewe. Jibu lilikuwa na tarakimu nane. Tano za mwanzo kila mtaalamu alizijua. Ugomvi ulikuwa kwenye tatu za mwisho, na Desimali alipata 417, kwa shaka ya mbili, yaani huenda ni mbili zaidi au mbili pungufu. Maabara kubwa ya mbali iliyoipima chembe yenyewe ikatangaza 416. Watu wakapeana mikono.

Lakini taasisi ile ina desturi yake: namba haiaminiki mpaka mtu wa pili airudie tangu mwanzo. Wa pili alirudia, kwa programu ile ile na mashine zile zile, akapata 428. Shaka yake nayo mbili. Tofauti ya kumi na moja, wakati shaka zao wote wawili zikiunganishwa kwa kanuni ya kitakwimu hazifiki tatu! Naibu alipofungua faili arobaini za matokeo ya Desimali akakuta zina tarehe ya siku tisa baada ya maabara kutangaza.

"Kwa hiyo," alimaliza Naibu, akinyoosha kalamu ambayo tayari ilikuwa imenyooka, "aliliona jibu, akarudi akarekebisha kazi yake ifanane nalo. Kama mwanafunzi anayechungulia karatasi ya jirani."

"Na ninyi mnataka nini kwangu, ikiwa mmeshajua?"

"Kanuni inasema lazima awepo mtu wa nje."

"Basi nashukuru kwa kanuni," Shangazi alisema.

Sasa akausukuma mlango wa chumba cha mashine. Baridi ilimpiga kama amefungua jokofu la bucha. Safu mbili za makabati meusi, mashine ishirini kila safu, taa ndogo za kijani zikikonyeza, na mvumo mmoja usiokatika. Kati ya safu alikuwa amekaa mwanamume mwenye sweta mbili na kofia ya sufu, anakata nyaya. Huyo ndiye fundi wa mashine, na nje ya chumba hicho, penye jua la kukaanga mayai, watu walimjua kwa sweta zake. Fundi Baridi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mwanangu, wewe unakaaje humu? Hata samaki wa bucha hupewa likizo."

"Mashine zikipata joto zinazima."

"Na mimi nikipata baridi goti linawaka. Lakini nalishukuru. Siku litakapoacha kuuma ujue ninaoshwa." Alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. "Nieleze. Mtu akitaka kubadilisha faili iliyomo humu, afanyeje?"

"Awe na nywila yake."

"Desimali anayo?"

"Alikuwa nayo. Wamemfungia siku kumi na moja sasa."

"Nani mwingine anaweza kuzigusa faili zake?"

Fundi Baridi aliuchunguza waya kana kwamba jibu limeandikwa ndani ya shaba. "Mimi. Lakini mimi sigusi kazi za watu. Mimi ni mtu wa skrubu."

"Sikukuuliza kama unagusa. Nimeuliza nani anaweza." Shangazi aliangaza macho. Makabati yote yalikuwa na vumbi la pembeni isipokuwa moja, kule mwisho, linalong'aa kama sufuria ya bibi harusi. "Lile mgeni?"

"Diski mpya. Za kuhifadhia."

Shangazi alinyanyuka, goti likalalamika, akalisogelea. Ubavuni palibandikwa karatasi yenye mwandiko wa mkono: *Imewashwa*, na tarehe. Akatoa daftari lake, akaisoma ile tarehe, akasoma daftari, akairudia tarehe.

"Huu mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Una mwandiko mzuri. Na tarehe nzuri. Ni siku ile ile ambayo faili za Desimali zinasema ziliandikwa." Alirudi akakaa juu ya ndoo. "Sasa, mtu wa skrubu. Kusema utasema leo. Chagua tu kama unasemea hapa tukiwa wawili au kule juu mbele ya Naibu na kalamu zake."

Fundi Baridi akavua kofia, jambo ambalo pengine hakuwahi kulifanya humo ndani.

"Niliambiwa nihamishe faili zote kutoka diski za zamani," alisema. "Kwenye ile amri ya kuhamisha kuna alama moja, herufi moja tu, inayosema tarehe ziachwe zilivyo. Sikuiweka. Faili zote zikapewa tarehe ya siku ya kuhama."

"Zote za Desimali?"

"Zote za kila mtu, Shangazi. Ghorofa ya tatu nzima. Hata za Naibu."

"Na hakuna aliyegundua?"

"Mtu huangalia tarehe za yule anayemshuku. Za kwake haziangalii."

Shangazi aliinamisha kichwa kwa heshima ya sentensi hiyo. Kisha akauliza lililobaki. "Siku kumi na moja, mtoto wa watu yuko nje ya geti. Ulikuwa unangoja nini?"

"Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Naibu alisema mwenyewe, tarehe zisiguswe, ukikosea ondoka. Kila asubuhi nasema leo nitakwenda. Nikifika ngazini miguu inageuka."

"Saa tisa utapanda. Nitakuwa nyuma yako, na mimi na goti langu ni wazito, hutaweza kugeuka." Alisimama. "Halafu, ahsante. Umenipa mguu mmoja wa kesi. Bado mmoja."

Maana tarehe ilieleza tarehe tu. Haikueleza 428.

Desimali alikuwa amekaa kwenye benchi la mlinzi, nje ya geti, mkoba magotini, kama abiria aliyeachwa na basi. Alikuwa mwembamba, macho yamevimba, na alisimama kwa haraka mno.

"Shikamoo. Ni saa nne na dakika kumi na mbili. Wamekubali nirudi?"

"Marahaba. Hawajakubali wala hawajakataa, wanakunywa chai. Kaa. Nifundishe kazi yako kama unavyomfundisha shangazi yako wa kweli, yule anayedhani unatengeneza redio."

Desimali alikaribia kutabasamu. Akawaza. "Chukulia kuna dimbwi lenye umbo la ajabu kwenye uwanja, unataka kujua ukubwa wake na huna namna ya kulipima. Unafumba macho, unarusha kokoto uwanja mzima, bila kulenga. Halafu unahesabu ngapi zimeingia majini. Kokoto nyingi, jibu zuri. Chembe yangu ina madimbwi maelfu, yamepandana. Programu inarusha kokoto mamilioni kwa mamilioni."

"Na mashine arobaini?"

"Watu arobaini wanarusha, kila mmoja kivyake. Kila mashine inarusha siku mbili, inaandika faili yake. Mwishoni tunaunganisha majibu arobaini, shaka inapungua."

"Inapungua kwa kuwa ni wengi."

"Ni wengi na hawajuani," alisema Desimali. "Hilo la pili ndilo kubwa."

Shangazi aliandika hilo neno kwa neno. Akauliza, "Ulirusha lini?"

"Miezi miwili kabla ya maabara kutangaza. Lakini sina cha kuonyesha. Kila kitu kiko ndani, nami niko nje." Akaukumbatia mkoba. "Shangazi, wakinifukuza kwa kughushi, hakuna taasisi nyingine itakayonipokea. Popote. Katika kazi hii mtu anaweza kukosea mara mia wakamsamehe. Kughushi mara moja, basi. Sasa wewe ndiye mtu wa kwanza aliyekuja kuniuliza nimefanyaje. Wote wameniuliza kwa nini. Ahsante."

"Usinishukuru bado. Mimi hutoza shukrani mwisho wa kazi."

Mtu wa pili, aliyerudia hesabu, alikuwa na chumba kidogo ghorofa ya tatu. Walimwita Pasi. Shati lake lilikuwa na mistari ya mikono inayoweza kukata mkate, na vitabu vyake vilisimama kwa urefu, mkubwa kwa mdogo. Shangazi alikuwa ameshaambiwa na watu watatu tofauti, kwenye ngazi, kwenye chai na kwenye foleni ya choo, kwamba taasisi ina nafasi moja tu ya kudumu mwaka huu, na wanaoitaka ni wawili: Desimali na Pasi. Hilo lilikuwa limekaa mfukoni mwake kama jiwe. Alilitoa bila kuzunguka.

"Akifukuzwa, nafasi ni yako."

Pasi hakubadilika rangi. "Ndiyo."

"Na namba inayomfukuza umeitoa wewe."

"Ndiyo. Nimelifikiria hilo kila siku. Ndiyo maana nilirudia kuunganisha mara tatu kabla ya kumpelekea Naibu. Mama yangu," Pasi alimwita hivyo kwa heshima, "nilitamani ipatikane 417. Ningelala."

"Watu wengi huniambia wangelala. Nionyeshe faili."

Alifungua moja kwenye kioo cha kompyuta, na kwa mkupuo mmoja akaiteremsha mpaka chini kabisa. "Mistari elfu moja na mia nne. Kila baada ya kurusha mara milioni inaandika jibu la wakati huo. Mstari wa mwisho ndio jibu. Programu ya kuunganisha inachukua mistari ya mwisho arobaini, na shaka zake, inatoa namba moja."

"Na mistari ya juu?"

"Hakuna anayesoma ya juu. Ni vichwa tu. Jina la programu, mashine, mambo ya kuanzia."

"Basi nichapie hiyo isiyosomwa. Ukurasa wa kwanza wa kila faili. Arobaini zako, arobaini zake."

"Kurasa themanini? Za vichwa?"

"Mwanangu, mimi sijui fizikia. Ninachojua ni kusoma maelezo ya shahidi. Na maelezo ya shahidi huanzia juu: jina lako nani, ulikuwa wapi, saa ngapi. Aliyeua yuko chini, lakini mwongo hukamatiwa juu."

Mashine ya kuchapa ilikohoa kwa dakika sita. Shangazi aliketi dirishani na kurasa za Pasi kwanza. Jina la programu, sawa. Namba ya mashine: moja, mbili, tatu, kama inavyotakiwa. Mstari wa tano uliandikwa *mbegu*, na namba ndefu ya tarakimu kumi.

"Mbegu ni nini?"

"Namba ya kuanzia. Kompyuta haijui kubahatisha kweli kweli. Unaipa mbegu, na kutokana na hiyo inaotesha namba zote za bahati nasibu. Mbegu tofauti, kokoto zinaangukia kwingine. Mbegu ile ile, kokoto zile zile, pale pale, mpaka ya mwisho."

"Na nani anatoa mbegu?"

"Programu yenyewe inachukua saa ya kompyuta. Sekunde ya kuanza."

Shangazi alichukua ukurasa wa kwanza na wa pili, akaupandisha mmoja juu ya mwingine, akaziweka kwenye kioo cha dirisha, jua likipita. Mstari wa tano uliangukia juu ya mstari wa tano, kila tarakimu imelala kitandani mwa mwenzake. Akaongeza wa tatu. Na wa nne.

Kufanya hivyo dirishani alifundishwa na mkuu wake wa zamani, mzee mmoja mkavu asiyesifu mtu, kwa gharama ya mtu mwingine. Kulikuwa na wizi wa duka, na Shangazi, askari kijana mwenye haraka, alileta mashahidi watano. Wote walisema mwizi alikohoa mara mbili, akatazama kushoto, akakimbia. Muuza mkaa mmoja alikaa ndani miezi kumi na moja kwa kikohozi hicho, mpaka mzee alipoyabandika maelezo yale matano kwenye dirisha na kumwita. Watu watano walioona kitu kweli hugombana, mzee alisema. Wakikohoa pamoja, mmoja ndiye aliyeona, au hakuna. Shangazi alikwenda mwenyewe kumfungulia muuza mkaa geti, na yule mtu akamwambia ahsante. Tangu siku hiyo hakuna kesi aliyoifunga bila dirisha, wala dua aliyoiomba bila kumtaja yule mzee.

"Njoo," alimwambia Pasi. "Hapa una mashahidi wangapi?"

"Arobaini."

"Tazama tena."

Pasi alitazama. Alichukua rundo, akapekua: ukurasa wa kumi, wa ishirini, wa thelathini na tisa. Mbegu ile ile. Akakimbilia kompyuta, akafungua mstari wa mwisho wa faili ya kwanza na ya pili na ya thelathini. Jibu moja, tarakimu kumi na mbili, halikupishana hata ya mwisho. Alikaa kwa uzito, kama mtu aliyevutiwa kiti.

"Mfumo mpya wa foleni," alisema kwa sauti ndogo. "Mwaka huu mashine hazianzishwi moja moja. Unaweka kazi kwenye foleni, na foleni inaziachia zote mara moja. Sekunde moja. Nimerusha kokoto zile zile mara arobaini."

"Na ile programu ya kuunganisha haikustuka?"

"Yenyewe inaamini ni arobaini tofauti. Inaigawa shaka." Alikuwa tayari anaandika kwenye karatasi. "Shaka ya mbili haikuwa mbili. Nilikuwa na shahidi mmoja, kwa hiyo shaka yangu ni kubwa mara sita na ushee. Karibu kumi na tatu." Akaweka kalamu. "428 na shaka ya kumi na tatu. Yake 417. Tofauti ni kumi na moja tu. Hatujapingana. Hatukuwahi kupingana!"

"Pumua."

"Nimemfanya akae benchi siku kumi na moja."

"Umemfanya. Utajilaumu jioni, una jioni nyingi mbele yako. Sasa nisomee za kwake."

Za Desimali zilikuwa arobaini na hazikufanana hata mbili. Pasi alipozipanga kwa mfuatano, zilipishana kwa sekunde ishirini na nne, ishirini na sita, ishirini na tano, na mahali pamoja, katikati, dakika nzima na nusu. Alizigeuza kuwa saa na tarehe za kawaida. Alipomaliza alizungusha kioo ili Shangazi aone.

Miezi miwili kabla ya tangazo la maabara. Asubuhi, kuanzia saa nne na dakika kumi na nne.

"Sekunde ishirini na tano," alisema Shangazi. "Hiyo ni hatua za mtu."

Saa tisa kamili walikuwa sita ndani ya chumba cha mikutano: Naibu kwenye kiti cha mbele, katibu akiandika, Desimali peke yake upande mmoja wa meza ndefu, Pasi upande wa pili, Shangazi, na Fundi Baridi aliyepandishwa ngazi kama alivyoahidiwa.

Fundi alisema la tarehe akiwa amesimama, anatoka jasho ndani ya sweta mbili. Naibu alifungua kompyuta yake, akatafuta faili zake mwenyewe za miaka sita iliyopita, akakuta tarehe ile ile. Akafungua nyingine: ile ile.

Kisha Pasi alisema la kwake. Hakujificha nyuma ya neno lolote. "Nilikosea. Namba yangu haiwezi kumpinga mtu." Alizibandika kurasa dirishani, kama alivyoonyeshwa.

"Na hizi za kwake?" Naibu aliuliza. "Kwa nini zimepishana?"

"Enzi hizo hakukuwa na foleni," alijibu Fundi Baridi. "Nilikuwa napita mimi mwenyewe, nabonyeza mashine, natembea, nabonyeza nyingine."

"Hapa katikati pana dakika na nusu."

"Pale ndipo safu ya kwanza inaisha. Nilikwenda kuvaa sweta ya pili."

Katibu alificha mdomo. Naibu hakuachia. "Mtu mwerevu angeweza kubuni mbegu hizi baadaye, akaziandika."

"Zifuate hatua zangu, mkuu?" Fundi Baridi alisahau woga. "Aweze kunipangia mpaka nasimama wapi? Mke wangu anajaribu mwaka wa kumi na nane huu, hajaweza."

"Hata hivyo," Naibu alisema, "mbegu inaweza kuwa ya kweli na jibu likawa la uongo."

"Swali zuri. Nakushukuru kwa kuuliza," Shangazi alisema, na hakuwa anatania. "Shahidi yupo bado. Tumwite, tumuulize swali lile lile, tusikie kama atajibu vilevile."

Ndipo Desimali akajipiga paji la uso kofi lililosikika mpaka mlangoni. "Mbegu! Zimo kichwani mwa faili! Siku kumi na moja nawaza mstari wa mwisho!"

"Chagua wewe faili," Shangazi alimwambia Naibu. "Asiseme mtu kuwa tumekupangia."

Naibu alifikiri. "Ya ishirini na tatu."

Katibu alimwekea mezani karatasi ya faili hiyo, iliyochapwa. Pasi aliichukua programu, safi, akaipa mbegu ya faili ya ishirini na tatu kwa kusoma tarakimu moja moja kwa sauti, akabonyeza. Kioo kikubwa cha ukutani kilibaki cheusi na alama moja ikipepesa.

"Faili nzima ni siku mbili. Mstari wa kwanza, mrusho wa milioni, ni dakika mbili," alisema Pasi.

Dakika mbili ni ndefu kama mtu ana kila kitu ndani yake. Desimali alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Ikiwa ingetoka tofauti hata kwenye tarakimu ya kumi na mbili, hakuna maelezo ya tarehe wala ya sweta yangemsaidia. Fundi Baridi alifumba macho. Shangazi alitazama vidole vya Naibu, na vidole vilikuwa vimeziacha kalamu.

Mstari ukatoka.

Naibu aliusoma kutoka ukutani huku kidole chake kikifuata karatasi. "Sifuri, nukta. Sifuri, sifuri, mbili. Tatu." Alisoma kama mtoto wa darasa la kwanza, bila kuruka. "Moja. Nne. Tisa." Sauti ilianza kulegea kwenye tarakimu ya nane. Ya kumi. Ya kumi na moja. "Sita," alisema, na kidole kikasimama. "Ni ile ile."

"Ngoja wa pili," Desimali alinong'ona, maana alikuwa Desimali.

Walingoja wa pili. Ulikuwa ule ule. Wakangoja wa tatu. Hapo Naibu alisimama, akafunga koti, na kusema kwa lugha ya kikao kwamba shitaka la kughushi limefutwa, halitaandikwa popote, na nywila irejeshwe leo. Kisha akaiacha lugha ya kikao. "Binti, nilikuhukumu kwa tarehe ambayo hata mimi ninayo. Nisamehe. Na fundi, rudi kazini. Lile la ukikosea ondoka nililisema mimi, na leo ningekuwa wa kwanza kufunga virago."

Desimali aliizunguka meza, akampita Naibu, akampita Shangazi, akasimama mbele ya Pasi, ambaye aliinua mkono kidogo kana kwamba anakinga kofi.

"Nilikaribia kukuzika," alisema Pasi.

"Ulikaribia. Na kaburi lilikuwa limenyooka vizuri." Alimshika mkono. "Ulirudia kazi yangu mstari kwa mstari. Na ulipojua, umekuja kusema mwenyewe. Nafasi ile unaitaka kama mimi, na ungeweza kuzichana zile kurasa. Ahsante. Kesho tunarudia zote, wewe na mimi. Maana mpaka sasa 417 ina mtu mmoja tu nyuma yake."

"Mbegu tofauti," alisema Pasi.

"Arobaini tofauti."

Simu ikaita mkobani mwa Desimali. Aliiangalia, akapokea huku anafuta uso kwa kiwiko. "Mama? ... Hapana, sijafukuzwa. ... Hapana, sijaposwa pia, Mama, kwani habari nzuri ni hizo mbili tu? ... Nilikuwa na kesi. Sikukwambia kwa sababu ungekuja na mwavuli kuwapiga. Imekwisha." Alisikiliza. Ukutani mstari wa nne ulitoka, na katibu, bila kuambiwa na mtu, akautia tiki. "Nani wa kumshukuru?" Desimali alizungusha macho chumbani: Fundi Baridi anayevua sweta moja, Pasi aliyeegemea dirisha, Naibu aliyevuta kiti karibu na kioo kusubiri wa tano, Shangazi anayelikanda goti lake.

"Wako wengi, Mama," alisema. "Kaa kitako nikuhesabie. Naanza na aliyekaribia kunizika."